Filta inakubali kwenye kompyuta, FPGA inaikataa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nipo mwaka wa nne wa uhandisi wa elektroniki. Nimechora filta ya sauti kwenye LabVIEW FPGA, programu ya kuchora kwa visanduku na nyaya, kwa ajili ya bodi ya myRIO yenye FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe. Ina vizidishi (saketi za kuzidisha namba) 128, na sauti inaingia kwa sampuli 40,000 kwa sekunde. Kwenye kompyuta inachuja vizuri kabisa, lakini nikikompaili, yaani kuugeuza mchoro uwe saketi za bodi, naambiwa vizidishi havitoshi. Mwenzangu mmoja anasema ninunue bodi kubwa zaidi, mwingine anasema nibadilishe mipangilio ya kompaila mpaka ikubali. Nimfuate yupi?

JIBU: Marahaba. Usimfuate hata mmoja, na hela ya bodi iache mfukoni.

Chipu ya myRIO ni Zynq-7010, nayo ina vizidishi 80 tu vilivyojengwa tayari kwenye silikoni. Wewe umechora 128 vinavyotakiwa kufanya kazi kwa wakati mmoja. Na kama namba zako ni za biti 32, hali ni mbaya zaidi: kizidishi kimoja hapo kinapokea biti 25 kwa 18, kwa hiyo kuzidisha mara moja tu namba za biti 32 kunameza zaidi ya kimoja. Kwa sauti, biti 16 zinakutosha.

Sasa piga hesabu ambayo ungeipiga kabla ya kuchora. Saa ya bodi yako ni megahezi 40. Gawanya kwa sampuli 40,000: una mapigo 1,000 ya saa kati ya sampuli moja na inayofuata. Kizidishi kimoja, kikizidisha mara moja kwa kila pigo, kinamaliza mizidisho yote 128 na bado kinakaa bure mapigo zaidi ya 800. Weka sampuli 128 za mwisho kwenye kumbukumbu ya ndani ya chipu, namba za filta kwenye kumbukumbu nyingine, kihesabu kinachotembea kutoka 0 hadi 127, kizidishi kimoja, na kijumlishi chenye rejista (kihifadhi namba kinachobadilika kwa pigo la saa) ya kulimbikiza jumla. Basi.

Ninacholetewa kila mara, hata hivyo, si uhaba wa vizidishi. Ni dhana kwamba mchoro ni programu inayoendeshwa. Kwenye kompyuta ndivyo ilivyo: visanduku vinapokezana prosesa, kila kimoja kikisubiri data ifike kwenye nyaya zake, na ukichora 128 au 1,000 kinachoongezeka zaidi ni muda. LabVIEW ilipotoka mwaka 1986 ilikuwa ya kompyuta za Macintosh, na mazoea mengi ya kuichora yana asili huko. Kwenye FPGA hakuna anayeuendesha mchoro. Kisanduku kinageuka saketi yenye kiwanja chake kwenye chipu, na inakikalia hata isipokuwa na kazi. Waya nao unakuwa waya wa kweli, ambao umeme unahitaji muda kuupita.

Muda huo utakukamata baadaye. Ndani ya kitanzi cha pigo moja, yaani sehemu ya mchoro inayomaliza mzunguko wake kwa pigo moja la saa, safari kutoka rejista hadi rejista lazima iishe ndani ya nanosekunde 25, urefu wa pigo hilo. Kuna kijana nilifungua naye ripoti ya muda, ile ambayo kompaila inaitoa kuonyesha kila njia inachukua muda gani: alikuwa amepanga vijumlishi kimoja nyuma ya kingine, na njia hiyo ilidai nanosekunde 31. Kwenye skrini ulikuwa mstari ulionyooka, unapendeza. Tukaweka rejista katikati, ikapita. Ni kama kupandisha zege ghorofani kwa kupokezana: karai la kwanza linachelewa kwa kuwa linapita mikono mingi, kisha yanafika mfululizo, na hakuna anayepanda ngazi zote peke yake.

Ndiyo maana nakereka na kozi zinazoahidi kwamba utatengeneza FPGA kwa kuburuta visanduku tu. Wauzaji wake hawakuonyeshi ripoti ya muda hata siku moja. Ikishindikana wanakwambia ukompaili tena na tena. Kuna siku itapita, kwa kuwa kompaila imebahatika kupanga saketi vizuri. Kesho ukiongeza kitu kidogo inakataa, nawe hujui kilichobadilika. Wengine, kwenye zana zinazoruhusu, wanapuuza onyo la muda na kupakia hivyo hivyo.

Niliwahi kuitwa kuangalia kidhibiti cha mota kilichotengenezwa kwa mtindo huo. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kilifanya kazi wiki nzima. Kikafungwa ndani ya kabati la bati, na kila ikifika alasiri mota inashtuka na kusimama. Joto lilipunguza kasi ya transista, na upenyo mdogo wa muda waliokuwa wakiutegemea ukaisha. Majaribio ya mchoro kwenye kompyuta yasingelionyesha hilo, kwa sababu yanakagua hesabu, hayakagui muda wa nyaya. Walikuwa wameshabadilisha mota mara mbili na nyaya zote za nje. Ripoti ya muda inayoitaja njia yenye kasoro ilikuwa kwenye kompyuta yao tangu siku ya kwanza, haijafunguliwa.