Jibu: Je, Genesis ilikufa Gabriel alipoondoka?

Habari ndugu. Unasema umejaribu Foxtrot, albamu ya Genesis, bendi ya rock ya Uingereza, ukachoka njiani, na wenzako wanakwambia bila mwimbaji wao Peter Gabriel hakuna Genesis, sasa hujui uendelee au uache.

Kwanza angalia ulikoanzia. Foxtrot ya 1972 inafungwa na Supper's Ready, wimbo wa dakika kama 23. Kwa mgeni ni mzigo mzito. Anza na albamu ya Selling England by the Pound ya 1973, tena wimbo mmoja tu, Firth of Fifth. Tony Banks anafungua kwa piano peke yake. Katikati Gabriel anapuliza filimbi, melodi ya polepole yenye huzuni; baadaye Steve Hackett anairudia melodi ileile kwa gitaa, nota anazivuta mpaka unahisi zinalia. Usipoguswa hapo, muziki huu si wako, na si dhambi.

Kuhusu Gabriel, aliondoka 1975. Mwaka uliofuata mpiga ngoma wao, Phil Collins, akaimba kwenye albamu ya A Trick of the Tail, na mapigo ya wimbo wake Dance on a Volcano ni magumu vilevile. Wanaomlilia Gabriel naona wanalilia zaidi jukwaa: kile kichwa cha mbweha na gauni jekundu alivyovaa akiimba. Kwangu mimi pengo kubwa ni Hackett, aliyeondoka 1977.

Halafu tumia hedifoni. Kwenye spika ya simu, besi ya Mike Rutherford inapotea kabisa.