Shangazi, Mke Wangu Haelewi Muziki Wangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, naishi Buswelu hapa Mwanza pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Ni mhasibu katika kiwanda cha minofu ya samaki, na kazi hiyo imenichosha akili hadi usingizi umepotea. Ujanani nilipiga gitaa la solo katika bendi ya mtaani. Mke wangu na mimi tulifahamiana dansini. Mwaka huu nimenunua gitaa la umeme na spika yake kwa bei ya kawaida, vyombo nimeviweka kwa rafiki yangu Kirumba, na hupita huko jioni nikitoka kazini. Nikipiga, nasahau shida zote. Mke wangu amenuna, hapiki tena chakula ninachokipenda, na ni wazi kwamba haelewi muziki. Nifanye nini ili anielewe? — Mpiga Solo.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi. Ninajua kwamba sangara wakipungua ziwani mishahara na umeme wa kiwanda havipungui, na mhasibu ndiye anayeulizwa fedha zitatoka wapi. Uchovu wako ni wa kweli, na katika hilo sina shaka nawe.

Shaka yangu iko kwingine. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta kosa la mkeo, nami sikuliona. Unasema haelewi muziki, na hapo hapo unasema mlifahamiana dansini, ukiwa jukwaani na gitaa begani. Mwanamke aliyekubali kuolewa na mpiga solo, huku ndugu zake bila shaka wakimuuliza kama hakuwaona wanaume wengine, huwezi kuniambia leo kwamba muziki haumwingii. Kinachomuumiza si gitaa.

Tena nakuuliza, wewe ambaye kazi yako ni kuandika kila shilingi mahali pake, inakuwaje unapofika kwenye fedha zako mwenyewe unaandika "bei ya kawaida"? Bei ya kawaida ina tarakimu. Na kwa nini gitaa la mtu wa Buswelu linalala Kirumba? Gitaa la umeme lisipounganishwa na spika halimwamshi hata mtoto aliyelala chumba cha pili, kwa hiyo usinieleze habari ya kelele. Naona umelificha kwa sababu mkeo akiliona atauliza limenunuliwa kwa fedha gani, na jibu lake, kama sikosei, linagusa ada ya watoto au akiba mliyoiweka pamoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mkeo anajua kwamba kuna jambo linafichwa, ila hajui ni jambo gani, na mwanamke aliyeachwa akisie mwenyewe jioni baada ya jioni hawezi kufikiria gitaa. Atafikiria mwanamke mwenzake. Mimi ningenuna kuliko yeye.

Usidhani kwamba naupinga muziki wako. Vidole vya mkono mmoja vinapobana nyuzi na vya mkono wa pili vinapozichapa, akili hulazimika kulifuata pigo linalokuja, na hapo haibaki nafasi ya kuwaza hesabu za mwisho wa mwezi. Hiyo ni tiba nzuri, na gitaa usiliuze. Lakini hapa Usukumani muziki haukuwahi kuwa pango la mtu kujifichia. Wakulima wetu walilima kwa bugobogobo, jembe likipanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma, na uchovu wa shamba ukapoozwa hapo hapo shambani, mbele za watu. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walishindana kucheza huku kila upande ukiwavuta watazamaji kwake. Hata bendi za dansi ambazo watu wa rika langu walizipenda zililelewa na taasisi za kazi: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa kama wewe. Waliopiga walikuwa na wa kuwasikiliza. Wewe una mke aliyekuwa msikilizaji wako wa kwanza, lakini umemwacha Buswelu na vyombo vya kuosha.

Hili ndilo linalonisikitisha katika ndoa nyingi za sasa. Mume na mke hugawana kodi, ada na marejesho ya mikopo, lakini starehe kila mmoja anaila kivyake: huyu kwenye mpira, yule kwenye simu, na wakikutana mezani hawana la kuzungumza isipokuwa madeni. Mkiwa wenzi wa shida peke yake, mtachokana hata kama hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kwa hiyo, wiki hii, watoto wakishalala, mweleze mkeo bei kamili ya gitaa na ya spika, na mahali fedha zilikotoka. Usijitetee. Kama ni ada, mwambie utairudishaje na kwa tarehe gani. Kisha kavilete vyombo nyumbani. Ncha za vidole vyako zilizolainika kwa miaka yote hii zitauma mpaka zipate sugu, na nusu saa kila jioni itazikomaza vizuri kuliko saa tatu za Kirumba mara moja moja. Mtoto mkubwa akivutiwa, mwanzishie rithimu, usimkimbize kwenye solo. Na jambo ambalo hukuligusa kabisa: likizo yako iko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, na mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya kazi anapaswa kuidai kabla ya kununua chombo chochote. Gitaa haliwezi kukupunguzia mafaili yaliyo mezani kwako.

Rafiki yako wa Kirumba mkaribishe kwako Jumamosi moja aje na gitaa la besi kama analo, na nyimbo za kupiga siku hiyo achague mkeo. Baada ya hapo niandikie tena, ila safari hii sitaipokea barua yenye maelezo yako peke yako. Nataka yeye naye aandike upande wake.