Changarawe bila Fuso: njia zangu za baiskeli Usambara

Mkuu, umeeleza kwamba umechoka kubanwa na malori barabara ya Bagamoyo, una baiskeli ya gia yenye matairi mapana, na unatafuta milima yenye njia za changarawe ambako mtu anakanyaga nusu siku bila kupigiwa honi. Wadau wamekujibu "nenda Lushoto" wakaishia hapo. Ni kweli, ila jibu hilo ni nusu. Ukifika Lushoto ukafuata tu njia kuu ya kwenda Lukozi, utakula vumbi la Fuso za kabichi na viazi mpaka ujute.

Mimi natokea Tanga na milima ile ya Usambara, ambako Lushoto ipo, naiendea kila nikipata nafasi. Ninachoangalia ni kimoja: Usambara magari hufuata mboga. Kwenye mabonde ya karoti na kabichi kuna Fuso, na siku ya gulio zinaongezeka bodaboda zilizobeba matenga na abiria watatu. Msituni hakuna cha kubeba, kwa hiyo hakuna gari. Usihangaike na umbali kutoka mjini, maana kuna vijiji vya mbali sana vyenye pilikapilika kuliko njia iliyo nyuma ya Lushoto yenyewe.

Kwanza kabisa, Mombo hadi Lushoto usiendeshe. Ni lami ya kilomita thelathini na kitu, nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mabasi yanaijua barabara ile kiasi kwamba hayapunguzi mwendo. Panda basi, elewana na konda bei ya baiskeli kabla haijapakiwa, kisha shukia Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari.

Njia ya kuanzia ni Magamba–Migambo. Kutoka mjini unapanda hadi njia panda ya Magamba, na kipande hicho kina magari kiasi. Hapo wengi wanashika kushoto kwenda Lukozi na Mlalo, wewe shika kulia. Muda si mrefu umeingia kwenye kivuli cha msitu wa asili wa Magamba, baridi inakupiga, mbega wanarukaruka juu, na kelele pekee ni ya matairi yako. Endelea hadi Migambo, ukipenda fika kwenye maporomoko ya Mkuzu, kisha rudi. Ukitaka kuingia kwenye njia za ndani ya hifadhi, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ulipe kiingilio. Usijifanye mwenyeji, walinzi wanawajua wenyeji wao.

Lakini penye utamu wenyewe kwa baiskeli ni Shume. Nitakueleza kwa nini. Njia za vijijini Usambara zilianza kama njia za miguu, na mtu wa miguu hukata mlima moja kwa moja, kwa hiyo utajikuta unasukuma baiskeli hata kama una gia za kutosha. Njia za shamba la miti la Shume zilichongwa kwa ajili ya malori ya magogo, na lori lililoshiba magogo haliwezi kupanda ukuta. Ndiyo maana zinazunguka mlima taratibu, pana, zikipita katikati ya misindano na misaiprasi. Unapata mwinuko unaoweza kuukanyaga ukiwa umekaa. Juu huko ni karibu mita 1,900 na uwanda umenyooka kwa namna usiyoitegemea, hadi upande wa Manolo ambako ardhi inakatika ghafla na unaiona nyika ya Mkomazi chini. Genge lenyewe ni kali kiasi kwamba Wajerumani waliokuwa wakivuna mbao pale kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliziteremsha kwa nyaya za angani hadi stesheni ya Mkumbara.

Sharti la Shume ni kuuliza ofisini ni kitalu gani kinavunwa wiki hiyo. Ukijua, unakwenda upande mwingine na hukutani na lori hata moja. Usipouliza utakutana nalo kwenye kona, nalo halina pa kukupisha.

Kijiji cha Mtae wengi hukitamani kwa sababu ya picha. Kiko zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto na hakuna hata moja iliyo tambarare, kwa hiyo gawa siku mbili, ulale Rangwi kwa masista. Kuanzia Rangwi kupitia Sunga magari yanapungua sana. Mabasi ya Mtae hushuka alfajiri na kurudi baadaye, hivyo asubuhi kukishapambazuka njia inabaki yako na watoto wa shule, ambao watakukimbilia kwenye mpando na, nakuonya, watakupita.

Kama muda wako ni mfupi, acha Lushoto nenda Amani, Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Mpando wa Sigi hadi Amani ni kilomita chache za kona ndani ya msitu, halafu juu kuna njia za mashamba ya chai upande wa Kwamkoro na Monga. Kasoro yake ni unyevu. Amani hunyesha hata miezi ambayo Muheza pamekauka, na mawe yake yana utelezi.

Nenda kati ya Juni na Septemba. Masika ule udongo mwekundu unajaza nafasi ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome, na hapo utaibeba baiskeli begani. Beba koti, Shume jioni si ya mchezo. Breki za mipira badilisha zote kabla ya safari, maana mteremko mmoja mrefu wenye mchanga unazimaliza. Mafundi baiskeli huko juu ni wachache kwa sababu wenyeji ni watu wa bodaboda, hivyo tyubu, viraka, pampu na kiungo cha cheni uwe navyo mwenyewe. Maji ya kijito kinachotoka msituni mimi huchemsha nikanywa. Ya kijito kilichopita kwenye bustani za kabichi sigusi hata nikichemsha, dawa za wadudu zinazopigwa pale haziondoki kwa moto.

Ukiwa na tarehe niandikie. Mwezi wa saba huwa napanda Shume na jamaa wawili, na nafasi ya mtu mmoja haikosekani.