Jino la utoto kuhifadhiwa kwa ajili ya tiba: yafaa kisheria?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uingereza. Mwanangu wa miaka 6 meno yake ya mbele yameanza kulegea. Kuna kampuni inayohifadhi seli shina za meno ya utoto, na wanasema huenda baadaye zikamtibu mtoto mwenyewe au jamaa zake. Mama mkwe wangu aliyeko Tanga anasema jino litupwe juu ya paa kama desturi yetu, au lizikwe, kwani kiungo kikishatoka kwa mtu ni maiti, ni najisi, hakirudi tena mwilini. Dada yangu ana kisukari, nami natamani seli hizo zimfae. Je, yafaa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Dada yangu, kulihifadhi jino hilo kwa tiba kunajuzu. Si wajibu wala si sunna, na asiyefanya hana lawama.

Kwanza nimtetee mama mkwe wako, maana neno lake lina asili. Imam Shafi'i mwenyewe, katika kitabu chake al-Umm, anasema kwamba jino la mtu likianguka limekuwa maiti, na halifai kurudishwa baada ya kutengana na mwili. Wazee wetu wa pwani wamesomeshwa madhehebu hayo, na hilo aliloshika amelipokea kwa waliomtangulia. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayohayo waliokuja baadaye, akiwemo Imam Nawawi, waliipa nguvu kauli nyingine: kilichotengana na mwanadamu hupewa hukumu ya maiti yake, na maiti ya mwanadamu ni tohara, yaani safi kisheria, si najisi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abu Hurayra alikutana na Mtume, swallallahu alayhi wasallam, katika njia moja ya Madina, naye ana janaba. Akajitoa polepole, akaenda kuoga, kisha akarudi. Alipoulizwa alikuwa wapi, akasema aliona haya kukaa naye hali hana tohara. Mtume akamwambia: "Subhanallah! Hakika Muumini hanajisiki." Kauli hii ndiyo tunayoifuata, na kwa hiyo jino la mwanao ni tohara.

Sasa tulitazame lenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, daktari wa meno wa watoto, Songtao Shi, aliyekuwa akifanya utafiti katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, alilitazama jino lililong'oka la binti yake wa miaka 6 akaona ndani yake kumebaki nyama nyekundu. Yeye na wenzake wakakuta humo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Jino moja la mbele liliwapa seli 12 hadi 20 tu, nazo zikaongezeka sana maabara. Mwaka 2018 watafiti wa Xi'an, China, walieleza jinsi walivyochukua seli kutoka meno ya utoto ya watoto walioumia meno yao ya mbele ya ukubwani, wakazipandikiza katika meno hayo yaliyokufa ndani. Nyama ya ndani ikaota upya na jino likarudi kuhisi. Kila mtoto alitibiwa kwa seli zake mwenyewe.

Tiba ya namna hii haina tatizo. Mtume amesema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Na sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, aliweka pua ya fedha ikamletea harufu mbaya, Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha Desemba 2003, liliruhusu seli shina za watu wazima kwa ridhaa yao, na za watoto kwa idhini ya mawalii wao, yaani walezi wao kisheria, maadamu kuna maslahi ya kisheria na hakuna madhara. Lililokataza ni kama kuharibu mimba makusudi ili zipatikane seli. Jino linalong'oka lenyewe liko mbali kabisa na hayo. Ila usikubali ling'olewe kabla ya wakati wake kwa ajili ya kampuni. Hapo madhara yameingia.

Kuna jambo wengi hawaliulizi. Mara nyingi seli hizi hukuzwa katika maji ya damu ya ndama aliyetolewa tumboni mwa mama yake, na hubanduliwa kwenye chombo kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Waulize kwa maandishi wanatumia nini. Ziko njia zisizotumia mnyama, basi chagua hizo. Ikija haja ya matibabu na isipatikane njia nyingine, kwa kauli ya daktari mwaminifu, wanazuoni wetu wameruhusu kujitibu kwa kilichoguswa na najisi.

Hofu yangu kubwa iko kwenye mkataba. Kulipa ujira wa kuhifadhi kitu ni halali, kama kodi ya ghala: muda ujulikane, bei ijulikane. Lakini mtu akikuuzia ahadi ya kuponya maradhi ambayo hakuna aliyeyaponya kwa seli hizo, huo ni gharari, yaani biashara ya jambo lisilo na uhakika, na pesa anayoichukua kwa ahadi hiyo haimhalalikii. Soma kampuni ikifunga seli zitakwenda wapi, na kama wanajipa haki ya kuziuza. Wakijipa, usitie saini. Viungo vya binadamu haviuzwi, Allah anasema: "Na hakika tumewatukuza wanaadamu." Seli ni za mwanao, wewe umeshika amana. Na kama ada ya kila mwaka itakubana katika chakula au deni, acha.

Kutupa jino juu ya paa kama mchezo wa watoto, sioni ubaya. Kuamini kwamba jua au panya ndiye atakayeleta jipya, hapana. Mfundishe mtoto kwamba ni Allah. Kuzika ni jambo zuri, wala si lazima, na ganda la jino linalobaki baada ya seli kutolewa laweza kuzikwa.

Ama dada yako, Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, baraza la kimataifa la wanazuoni, mwaka 1988 iliruhusu mtu kumpa mwenzake kinachojirudia chenyewe mwilini, kama damu na ngozi, kwa hiyo mlango wa kisheria haujafungwa. Lakini leo hakuna tiba ya kisukari iliyothibitishwa inayotokana na seli za meno. Mwambie hivyo waziwazi, kwa upole, kabla matumaini hayajamzidi. Asiache dawa zake hata siku moja, na kama anachoma insulini aendelee, wala asimpe pesa yeyote anayemwahidi vingine.

Wallahu a'lam.