Kwa nini uzito wa vipande vya kiazi unapandashuka kwenye jaribio la osmosisi?

Swali: Niliweka vipande vya kiazi mviringo (sm 4 × 1 × 1) kwenye miyeyusho ya sukari ya mikolezo tofauti, kuanzia maji matupu hadi mol 1.0 kwa lita, kwa saa moja. Cha maji matupu kiliongezeka uzito, vya 0.8 na 1.0 vikapungua. Ila vya 0.2, 0.3 na 0.4 havieleweki: nikirudia, kilichopanda kinashuka. Pia kipande kilichokaa kwenye chumvi ya mol 1.0 kililegea, na nilipokirudisha kwenye maji hakikukaza tena. Nimekosea wapi?

Jibu: Kiazi chako hakina tatizo. Osmosisi ni maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye mkolezo mkubwa zaidi, na hapo katikati ndipo yanayoingia kwenye seli yanapokaribia kulingana na yanayotoka. Kwa kiazi mviringo, mara nyingi ni kati ya mol 0.25 na 0.35 kwa lita. Badiliko halisi la uzito ni dogo, hivyo kosa lolote la upimaji hulimeza.

Mshukiwa wa kwanza ni maji yanayobaki juu ya kipande. Kipande chako kina eneo la sentimita 18 za mraba na uzito wa gramu 4 na kidogo. Tabaka la maji lenye unene wa mm 0.1 tu lina gramu 0.18, yaani asilimia 4 hivi ya uzito wote! Kausha kila kipande kwa namna ile ile, kabla na baada ya kukiloweka: kigeuze kila upande mara moja juu ya karatasi ya kufyonza, kisha pima papo hapo. Usikibinye, utakamua maji ya ndani. Wengine hushauri kukata vipande vyembamba ili matokeo yaje haraka. Kwa mizani ya kawaida sioni faida, kwa sababu kadiri kipande kinavyokuwa chembamba ndivyo maji ya juu yanavyozidi kuharibu hesabu. Ni afadhali kuviacha usiku kucha kwenye jokofu. Saa moja haitoshi maji kufika katikati ya kipande cha sm 1.

Kagua pia miyeyusho yenyewe. Mol 1.0 ya sukari ni gramu 342 ndani ya lita moja ya myeyusho. Ukizimimina kwenye lita nzima ya maji, sukari inachukua nafasi ya karibu ml 210, na mkolezo unashuka hadi 0.8 na kidogo. Yeyusha gramu 171 kwenye ml 300 za maji ya uvuguvugu, acha yapoe, kisha ongeza maji hadi ifike ml 500. Kupata 0.3, changanya ml 30 za myeyusho huo na ml 70 za maji.

Menya ganda lote, maana halipitishi maji vizuri. Tumia kiazi kimoja, vipande vitatu kwa kila mkolezo, na uchore grafu ya asilimia ya badiliko. Soma pale mstari unapokata sifuri. Usitegemee nukta moja moja.

Chumvi ni suala jingine. Ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na kloridi, hivyo mol 1.0 ya chumvi hutoa maji kwenye seli kwa nguvu kubwa kuliko sukari ya mkolezo huo huo. Utando wa seli hubanduka kutoka kwenye ukuta, na ukichanika seli imekufa. Vilivyoyeyuka ndani huvuja, maji hayawezi tena kujaza seli na kusukuma ukuta wake, na kipande kinabaki laini. Kipande kilichochemshwa dakika 5 kitafanya vivyo hivyo ukikiloweka kwenye maji.

Ukiwa na hadubini, bandua ngozi ya zambarau ya kitunguu chekundu na uidondoshee sukari ya mol 1.0. Ndani ya dakika chache rangi itasinyaa na kuacha nafasi kando ya ukuta. Fyonza sukari, weka maji. Seli ambazo rangi yake inatanuka tena hadi ukutani bado ni hai.