Jibu: Espreso inatoka mbio na ina uchachu
Ndugu, umesema kikombe cha espreso, kahawa nzito ya mashine, kinajaa kwa sekunde 10 na kahawa ni chachu, ukashuku pampu. Pampu iache kwanza. Mashine husukuma maji ya nyuzi 90 hadi 96 kwa shinikizo la takriban bar 9 (karibu mara tisa ya shinikizo la hewa) kupitia unga wa kahawa ulioshindiliwa. Unga ukiwa na chembe kubwa, maji hupita haraka kabla ya kubeba utamu. Weka gramu 18 za unga, kaza kisagio kidogo kidogo ili usage laini zaidi, hadi upate gramu 36 za kahawa kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Shindilia bila kuinamisha mkono, la sivyo maji yatatoboa upande mmoja. Na mwinuko wa Nakuru usikutishe: birika huko huchemka karibu nyuzi 94, lakini boila, tangi la kupashia maji ndani ya mashine, imefungwa na ina shinikizo lake, hivyo maji yake yanaweza kupita nyuzi hizo.