Kwa unayeanza kuandika programu zako mwenyewe

Ukianza kuandika programu zako, swali utakaloulizwa mapema kuliko yote ni: inaingiza pesa ngapi? Lijibu kwa heshima, kisha uendelee na kazi. Pesa ikija, ni jambo jema, lakini ni kipimo kinachochelewa, na mara nyingi hakifiki kabisa. Ukiusubiri mradi ukubalike sokoni ndipo uufurahie, utauchoka kabla hata haujasimama.

Anza na kinachokukera wewe. Mwaka 1977 Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alichukizwa na jinsi kurasa za kitabu chake zilivyopangwa, akaamua kutengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa, ili hesabu zake zisomeke vizuri. Akaitoa bure. Matoleo yake yanahesabiwa kwa kuisogelea pai, ile namba ya duara isiyo na mwisho: 3.14, 3.141, na kuendelea. Knuth ameagiza kwamba akifariki namba iwe pai yenyewe, na hitilafu zitakazokuwa zimebaki zihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Agizo hilo nalipenda sana. Tumezoea kudhani programu isiyoongezewa kitu kila mwezi imekufa, kumbe huenda imekamilika tu.

Katika zote nilizoandika, niipendayo zaidi hupanga picha za familia kwa tarehe. Tunaitumia mimi na ndugu zangu, basi. Ndiyo iliyonifundisha kwamba faili likinakiliwa tarehe yake inaweza kubadilika, ilhali ile ambayo kamera iliiandika ndani ya picha hubaki. Tena kamera iliyoishiwa betri inaweza kurudisha saa yake nyuma: picha za harusi ya dada zilijipanga miaka mingi kabla hajakutana na mumewe! Nikaongeza sehemu ya kujaza tarehe kwa mkono, na ili kuijaza ikabidi niketi na shangazi, tupitie picha moja moja, huku akinitajia majina ya watu niliokuwa siwajui. Hakuna mauzo ambayo yangenipa jioni zile.

Wengine hupata maana kwa njia nyingine. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim, kihariri cha kuandikia maandishi na msimbo, mwaka 1991, aliwaomba watumiaji wake wasaidie watoto wa Kibaale, Uganda, na aliendelea kukitunza hadi alipofariki mwaka 2023.

Ushauri wa kazi: kila ukimaliza kuandika msimbo, andika mistari michache kueleza kwa nini umeamua hivyo. Utakaporudi baada ya miezi, hutalazimika kukisia. Weka pia leseni ya programu huria, yaani ruhusa ya watu kuitumia na kuibadilisha, tangu mwanzo ukiamua kuitoa kwa watu. Halafu mtu akiomba kitu usichokihitaji wala kukipenda, mkatalie kwa upole. Msimbo uko wazi, naye ana haki ya kuuchukua na kutengeneza toleo lake.